Ukwaju wa Mama, Rejeta ya Baba

Jana nimechemsha ukwaju ndani ya birika, nyumba nzima ikajaa ukali wake, na mwanangu akatoka chumbani ameziba pua kuniuliza napika kitu gani. Nikamwambia sipiki, nakosha. Akarudi zake kwenye simu. Mimi nikabaki pale jikoni na kijiko mkononi, machozi yananitoka, na wala si kwa sababu ya mvuke.

Birika ni la Mama. Baada ya arobaini yake tulikaa na ndugu zangu kugawana vitu, wenzangu wakachukua kanga, mikeka, na yale masufuria makubwa aliyokuwa akipikia pilau kwenye shughuli za watu. Mimi nikaomba birika. Walinitazama kama nimerukwa na akili, maana kishikio chake kimefungwa kwa waya, na tako lake ni jeusi kiasi kwamba hata ukilisugua kwa mchanga halitakati. Nikawaacha wacheke. Ndani ya birika lile, ukilielekeza kwenye mwanga, utaona magamba meupe yameng'ang'ania bati. Kila nikiyaona magamba yale narudi Kivinje, nina miaka tisa, na gari la Baba linaumwa.

Nasema linaumwa kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Lilikuwa pikapu ya kizamani, kijani kilichopauka, na mlango wake wa kushoto ulifunguliwa kwa nje tu. Baba alipakia nazi, samaki wabichi na ng'onda wa kukausha kutoka Kivinje, akashusha Nangurukuru na Tingi, akarudi na mihogo, machungwa, na watu wawili watatu juu ya magunia. Tulikula kwa pikapu ile, tulivaa kwa pikapu ile. Basi ikaanza kuchemsha. Mwanzo ilikuwa kwenye mwinuko wa kwenda Tingi tu, baadaye hata tambarare. Baba alirudi jioni shati limeloa, anavua viatu mlangoni, anamwambia Mama kwamba leo limepanda tena. Alikuwa na maana ya ule mshale wa joto kwenye deshibodi. Mimi nilijua kitu kimoja tu kinachopanda namna hiyo, nacho ni homa. Mtu mwenye homa hutetemeka, hutoka jasho, na akizidiwa hutapika, na gari la Baba lilifanya yote matatu mbele ya macho yangu. Sikuhitaji fundi kuniambia.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya maji, maana bila maji hadithi hii haiendi. Kwetu kila nyumba ilikuwa na maji ya aina mbili. Kisima cha uani kilitoa maji ya chumvichumvi, nayo yalikuwa ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa yalitoka mbali, yaliletwa kwa madumu kwenye mkokoteni, yakamiminwa kwenye mtungi uliofunikwa kwa kawa, na ole wako ukutwe umechota kata ya mtungi kunawia miguu. Nilishakula kofi kwa kosa hilo, na kofi la Mama halikuwa la mzaha. Sasa Baba kila asubuhi alijaza rejeta kwa maji ya kisimani. Ungemwambia alitilie gari maji ya mtungi angedhani umelewa. Gari si mtu, na kisima kilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka kwenye boneti. Wenye magari wote niliowajua mji ule walifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Fundi wa Baba alikuwa Fundi Bakari, rafiki yake tangu madrasa, mtu mpole, mwenye mikono myeusi kwa oili hata siku ya Idi. Alihangaika na gari lile kwa moyo wote, sitaki mtu amseme vibaya. Alianza na mkanda wa feni, akaukaza, akasema ulikuwa umelegea. Likachemsha. Akabadilisha mpira wa juu wa rejeta uliokuwa umevimba. Likachemsha. Akanunua kifuniko kipya cha rejeta. Likachemsha. Akafungua akatoa thamostati, kile kidude kinachoyazuia maji mpaka injini ipate moto, akakitupa kwenye boksi la spana akisema hiki kiliwekwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, sisi huku cha nini. Siku mbili likatulia, Baba akaanza hata kupiga mluzi. Siku ya tatu likamwaga maji yote njiani, na samaki wa watu wamo humo juani. Hapo ndipo Fundi Bakari alipolitaja neno gasketi, kile kizuizi chembamba ndani ya injini kinachotenga maji na oili. Alilitaja kwa sauti ya chini, vile daktari anavyozungumza na ndugu wa mgonjwa pembeni ya mlango. Gasketi imeungua, injini itafunguliwa yote, vifaa vitoke Dar, na hata vikija hana uhakika.

Siku ya Jumatano, tukiwa tumekaa mkekani tunakula mchana, Baba akatoa hukumu. Jumamosi atakuja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Lindi, alichukue gari kama lilivyo. Yeye Baba atavuka bahari kwenda Songo Songo kutafuta kibarua. Mama atakaa kwa dada yake kule Masoko, kwenye vyumba viwili vyenye watu wanane. Na mimi, kwa kuwa kule hakuna hata pa kulaza paka, nitakwenda Lindi kwa baba mdogo, nisomee huko. Alisema yote hayo bila kuinua macho kwenye sahani. Mama akamwongezea mchuzi, akanyamaza.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, jamani. Lakini Mama alikuwa na kipandauso. Kikimjia hawezi kuona mwanga, hawezi kusikia sauti ya sufuria, anajilaza upande mmoja na kanga usoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga madirisha. Mimi ndiye niliyelowesha kitambaa nikakiweka kwenye paji la uso, nikakigeuza kikipata joto. Nilijua bila kuambiwa ni wakati gani wa kukigeuza. Katika vyumba viwili vyenye watu wanane, nani angekigeuza? Hilo ndilo lililoniliza, na nililia chooni ili nisionekane.

Wiki ile ile Mama alikuwa anakunywa kombe. Maalim alimwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji na marashi, akayatia kwenye chupa, anywe asubuhi tatu kabla hajala kitu. Chupa ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Asubuhi ya kwanza alikunywa, ya pili akanywa, na nikaona kwa macho yangu anaamka vizuri, anakwenda jikoni mwenyewe, anaimba imba chini kwa chini. Usiku wa kuamkia Ijumaa nikapiga hesabu zangu za kitoto. Mama ameshapata nafuu. Gari halijapata. Wote wawili wana ugonjwa wa kupanda kichwani, na dawa iliyobaki ni ya asubuhi moja.

Mungu anisamehe. Alfajiri, Baba yuko msikitini na Mama anaswali chumbani, nilipanda juu ya kigoda nikachukua ile chupa. Nikatoka nje, nikafungua boneti kama nilivyomwona Baba akifanya, nikazungusha kifuniko cha rejeta kwa mikono yote miwili. Gari lilikuwa halijawashwa tangu Jumatano, limepoa kabisa. Nikasema Bismillahi, nikamimina kombe lote, nikalifunika. Halafu nikaja na ujanja ambao nikiukumbuka leo sina mbavu. Nilijaza ile chupa maji ya mtungi, na kwa kuwa kombe lilikuwa na rangi ya manjano, nikatia humo bizari. Nilidhani nitamdanganya kwa bizari mpishi wa pilau anayeitwa hadi Somanga.

Mama alikunywa. Nilikuwa nimejikausha mlangoni, nachungulia. Alimeza funda la kwanza, akaitazama chupa, akaitazama tena, halafu akanitazama mimi. Akamaliza iliyobaki. Akaenda kuwasha moto wa chai.

Saa mbili hivi Fundi Bakari akaja. Mnunuzi wa Lindi alikuwa amesema anataka kuisikia injini ikinguruma kabla hajaichukua, kwa hiyo fundi alikuja kuhakikisha itawaka. Baba alinituma kisimani nilete ndoo ya maji ya kuongeza. Mama akatoka na sinia la chai, vikombe viwili na mihogo ya kuchemsha, akaja kulitua kwenye ubao kando ya gari. Ndiyo kazi iliyomtoa, kuleta chai. Mama hakuwa na desturi ya kukaa kwenye maongezi ya magari. Akifika anatua sinia, anarudi jikoni.

Fundi Bakari akafungua kifuniko cha rejeta. Mama alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama. Pua ya mpishi si pua ya kawaida. Akarudi, akainama juu ya ile shingo ya rejeta, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Nilimwona anameza. Akainua uso, na macho yake yakaja moja kwa moja kwangu, mimi na ndoo yangu, na mimi nikaanza kuhesabu kokoto chini. Nilisubiri jina langu litamkwe.

Badala yake akaja kwenye ndoo, akachovya kidole kingine kwenye yale maji ya kisima, akaonja, akatema pembeni. Mimi nikapata tafsiri yangu papo hapo. Ya rejeta kayameza, ya kisima kayatema. Kombe limeshaanza kazi, nikajiambia, maji ya rejeta yamekuwa matamu.

"Shemeji," Mama akamwambia Fundi Bakari, "hii gasketi mmeiona, au mnaikisia?"

Fundi akacheka kidogo, akatazamana na Baba. Akaeleza kwamba gasketi haionekani mpaka injini ifunguliwe. Mama akauliza, ikiungua, maji na oili vinakutana? Fundi akakubali kwamba mara nyingi hukutana, na oili hugeuka rangi ya maziwa. Mama akaomba aonyeshwe hiyo oili. Fundi Bakari akachomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi safi, haina hata doa la weupe. Nakumbuka Baba alivyokisogelea kijiti kile kukitazama, kama anakiona mara ya kwanza. Wanaume wawili wazima, na wiki nzima ya kuhangaika, na hakuna kati yao aliyekumbuka kutazama.

Baada ya hapo sauti ya Mama ilibadilika. Ikawa ile sauti yake ya kwenye shughuli, anapowapanga wanawake ishirini na moto wa meko saba. Akamwambia Baba awashe gari. Likawashwa, likanguruma pale pale mpaka mshale ukaanza kupanda, akamwambia azime. Feni iliposimama kabisa, akatia mkono mbele ya rejeta, kiganja wazi, akawa anakipeleka polepole toka juu kwenda chini, toka kushoto kwenda kulia, haligusi bati lenyewe pale penye moto mkali, anasogea tu. Niliwahi kumwona akifanya vile vile pembeni ya sufuria la pilau, kujua moto umelala upande gani. Fundi Bakari alikuwa ameshika mipira ya maji siku zote hizo, akaona ina moto akaridhika. Rejeta yenyewe hakuna aliyeipapasa.

"Huku juu kunaunguza," akasema. "Huku katikati na chini ni baridi kama mtungi. Maji hayapiti. Weka mkono wako, shemeji."

Fundi akaweka. Akaweka na Baba, toka juu kwenda chini.

Mama akaniagiza nilete birika. Nikaenda mbio nikalileta. Akalielekeza kwenye jua akawaonyesha yale magamba meupe ndani, akawaambia birika hili linachemsha maji matamu ya mtungi kila siku na bado linafanya ukoko, sembuse rejeta inayochemsha chumvi. Maji yanapokauka, chumvi haiendi nayo popote. Unaongeza mengine ya chumvi juu yake, na kesho mengine, kama mtu anayeutia mchuzi chumvi kila akipita. Vile vijia vyembamba vya ndani vimezibwa. Gari halina ugonjwa mwingine.

Baba alijaribu kujitetea. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwamba maji ni maji, gari si mtu wa kuchagua.

"Baba Zuhura," Mama akamjibu, na alisema kwa upole, "wewe umelitilia gari maji ya kuoga. Gari halikogi yale maji. Linayanywa."

Hapo Fundi Bakari alikaa chini juu ya tairi la akiba, akashika kichwa, akaanza kucheka peke yake. Nafikiri alikuwa anayahesabu magari ya watu yaliyopita mikononi mwake.

Kazi ikaanza, nami nikaiona yote. Kitu cha kwanza Mama alichokataa ni kumwaga maji ya rejeta chini. Fundi alikuwa ameshapiga goti afungue koki ya chini ili yaende mchangani kama siku zote, Mama akamzuia, akaleta karai la kuoshea mchele, akalisukuma chini ya gari. Likajaa. Akalibeba mwenyewe, karai zito lile, akazunguka nyumba, akayamwaga polepole kwenye shina la mlimau uliokuwa kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo hata kuku hawakupenda kupita. Baba akamuuliza, sasa huo mlimau unaukomoa kwa chumvi? Mama akasema mlimau una mizizi mirefu, utavumilia. Mimi nikadhani anayaficha yale maji kwa sababu ni machafu.

Ukwaju aliuchemsha sufuria nzima, ule wa Tingi, mweusi, wenye kukaza meno. Akauchuja mara tatu kwa kitambaa cha kuchujia tui, maana aliogopa nyuzi zake zisije zikaziba pale tunapotaka kuzibua. Ukamiminwa kwenye rejeta, gari likawashwa kidogo, likazimwa, ukaachwa mpaka wanaume walipotoka swala ya Ijumaa. Koki ilipofunguliwa, kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa uji wa rangi ya kutu, na ndani yake mna vipande vyeupe, magamba yale yale ya birika, mengi kupita kiasi. Fundi Bakari alikiokota kimoja akakisaga kati ya vidole. Akaomba ukwaju mwingine. Wakarudia alasiri, magamba yakapungua, wakarudia na mara ya tatu, ukatoka ukwaju mtupu. Kisha wakasuuza na kusuuza. Na mwisho Mama akaingia ndani akatoka na ndoo ya maji ya mtungi, maji ya kunywa, yale niliyokula kofi kwa kuyanawia miguu, akampa Baba ayatie kwenye gari. Baba aliyamimina kwa uangalifu, hakudondosha hata tone.

Jumamosi asubuhi, kabla mnunuzi hajafika, Baba alisema twende tukalijaribu kwenye mwinuko wa Tingi. Akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango kwa nje, akamwambia Mama apande mbele. Mimi nikakaa katikati, magoti yangu yamegusa gia. Mama alikuwa amevaa baibui lake la shughuli. Hakutazama barabara hata mara moja, alitazama mshale. Sote tulitazama mshale, hata Baba aliyepaswa kutazama njia. Ulipanda mpaka katikati. Tukapita Nangurukuru, uko katikati. Tukaanza mwinuko, Baba akarudisha gia, injini ikalia kwa nguvu, na mimi nikafumba macho nikasoma kila sura ya Kurani niliyoijua, nazo hazikuwa nyingi. Nilipofumbua tulikuwa juu, mihogo ya watu wa Tingi pande zote mbili, na mshale uko pale pale katikati.

Baba alisimamisha gari kando ya njia. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa Mama. Nilidhani anataka aangalie rejeta. Alisimama tu pale akamtazama, kisha akasema, "Mama Zuhura, ahsante." Mama akavuta ukingo wa baibui akajifunika mdomo. Sikuwahi kumsikia Baba akimshukuru kwa neno kabla ya hapo, si kwamba alikuwa mkali, ila wanaume wa wakati ule walishukuru kwa kuleta kitoweo. Siku ile alileta vyote viwili, maana tulirudi na jogoo wa Tingi miguuni mwangu.

Mnunuzi wa Lindi tulimkuta barazani anatungoja. Baba akampa mkono, akamwomba radhi kwa safari ndefu, akamwambia gari limepona. Yule mtu alikunywa chai yetu, akakasirika kidogo, akaondoka. Hakuna aliyekwenda Songo Songo. Hakuna aliyekwenda Lindi. Tangu siku hiyo nyuma ya kiti cha Baba lilikaa dumu la maji ya kunywa ya gari, na ukimpelekea Fundi Bakari gari linalochemsha, swali lake la kwanza lilikuwa, unalinywesha nini? Waliomuuliza amejifunzia wapi aliwajibu bila kuona haya kwamba amefundishwa na shemeji yake, mpishi. Nampenda kwa hilo mpaka leo.

Ila mimi nilikuwa na siri yangu. Ukwaju wauseme wanavyotaka, mimi nilijua gari limeponywa na kombe. Nilitembea na siri hiyo shuleni, kifua mbele, nikiwatazama watoto wenzangu ambao hawakuwahi kuponya hata baiskeli. Nilipokua nikajua mambo ya chumvi na shaba ya rejeta, siri ikageuka aibu. Nilikuwa nimeiba dawa ya mama yangu mgonjwa, nikamnywesha bizari, na dawa yenyewe nikaitupa kwenye chuma. Aibu hiyo niliibeba mpaka nilipokwenda kwa wazazi wangu na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anakosha birika kwa ukwaju. Harufu ile ikanishinda. Nikamwambia yote.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema bizari niliyotia ilikuwa nyingi hata kwa pilau, na alimaliza chupa ili nisijue kwamba amejua kuna jambo. Nikamuuliza, na kwenye rejeta?

"Nilisikia marashi. Nikaonja, nikakuta zafarani. Ningeyatema vipi maneno ya Mungu, mwanangu? Nikayameza. Na dozi yangu ya tatu nikawa nimeipata." Akaendelea kusugua. "Na kombe halimwagwi wanakokanyaga watu. Ndiyo maana nikakazana na lile karai."

Nikamwambia najua mimi ni mjinga, kombe halitibu gari, ni ukwaju wake uliolitibu. Mama akaacha kusugua. Akaniambia kwamba kuhusu ile chumvi alikuwa ameshawaza tangu siku Fundi alipobadilisha mpira, lakini alijiuliza, mimi mwanamke wa jikoni nitasema nini mbele ya fundi na mume wangu, nikikosea nitachekwa mji mzima. Akaamua kunyamaza. Hata Jumatano ile Baba alipotoa hukumu, alinyamaza, akaongeza mchuzi.

"Ijumaa ile nilileta chai tu, Zuhura. Nilikuwa nimeshageuka nirudi jikoni. Nilipoonja kombe langu mle ndani nikakutazama ulivyosimama na ndoo yako, nikajua mtoto huyu ametoa alichokipata, na mimi mwenye cha kusema nimefunga mdomo. Hapo ndipo nikafunua kinywa."

Akalisuuza birika, akaliinua kwenye mwanga kulitazama, akanipa nikaliweke jikoni.

"Kwa hiyo usiseme kombe halikufanya kazi," akasema.